Tozo ya mashimo ya migodi na sheria ya viuatilifu: mwongozo kamili wa kufuatilia muswada katika Bunge la Nevada

Jimbo la Nevada limejaa mashimo. Tangu madini ya fedha ya Comstock yalipogunduliwa mwaka 1859, pale ulipo leo mji wa Virginia City, watu wamechimba, wakapata au wakakosa, wakaenda zao bila kufukia. Idara ya madini ya jimbo, Division of Minerals, inakadiria kwamba machimbo yaliyotelekezwa yanayoweza kumdhuru mpita njia ni kama 50,000. Mwaka 2011 mtu mmoja alitumbukia katika shimo la futi 190 hivi huko Jersey Valley, kaunti ya Pershing. Waokoaji walimfikia kwa kamera tu. Kuta zilikuwa zinaporomoka, wakalazimika kumwacha, na shimo lile ndilo kaburi lake.

Kazi ya kuyatafuta mashimo hayo, kuyawekea uzio na kuyaziba ina gharama, na sehemu kubwa ya fedha yake inatokana na tozo anayolipa mtu anaposajili eneo lake la kutafuta madini. Kiwango cha juu cha tozo hiyo huwekwa na Bunge la jimbo, na kila wanapotaka kukigusa, muswada hupita katika kamati za Maliasili. Ndizo kamati ambazo mara nyingi huletewa pia miswada ya viuatilifu, yaani dawa za kuulia wadudu na magugu, kwa hiyo mtu aliyekwenda kusikiliza habari za migodi anaweza kujikuta anasikiliza habari za nyuki.

Haya nimewaandikia wenzetu wanaoishi kule: Mkongomani anayepulizia bustani za watu Las Vegas, Mkenya wa Reno anayependa kuendesha gari jangwani na watoto wikendi, na yeyote aliyepata kibarua katika mashamba ya vitunguu ya Mason Valley. Huhitaji kuwa raia wala mpiga kura ili usikilizwe na kamati. Kama unaishi Arizona au Idaho, fuata njia hii hii, ila hesabu za kura na tarehe ukazitazame upya kwenu.

Hatua ya 1: Jua shida yako ni ya nani

Watu wengi hupoteza nguvu hapa. Wanapeleka malalamiko ya maji machafu kwa ofisi inayoshughulika na uzio.

Chukua mji wa Yerington, kaunti ya Lyon. Pembeni mwa mji kuna shimo kubwa la mgodi wa shaba wa Anaconda uliosimama mwaka 1978, na maji ya chini ya ardhi ya eneo hilo yalichafuka. Kuuzunguka mji kuna mashamba ya vitunguu na alfalfa yanayopuliziwa dawa. Mtu mmoja anaweza kuwa na malalamiko matatu kwa siku moja, na kila moja lina mlango wake:

- Shimo la zamani lisilo na uzio, karibu na njia wanayopita watoto: hili ni la Division of Minerals na kaunti. Ndilo linalolipiwa na tozo tunayoizungumzia.
- Maji ya kisima yenye ladha ya chuma au yenye kemikali za mgodi: hili ni la idara ya ulinzi wa mazingira ya jimbo na wakati mwingine la EPA, wakala wa mazingira wa serikali kuu. Tozo ya usalama wa mashimo haigusi hapa hata kidogo.
- Dawa iliyopeperushwa na upepo kutoka shamba la jirani: hili ni la Idara ya Kilimo ya Nevada.

Tozo inaitwa ya usalama kwa maana finyu, yaani mtu asianguke, asifukiwe, asikose hewa. Ukisimama mbele ya kamati ya tozo ukaanza kueleza habari za zebaki ndani ya mto Carson, utasikilizwa kwa heshima na hoja yako itaishia hapo hapo. Zebaki hiyo ipo kweli. Ilitumika kukamatia dhahabu na fedha enzi za Comstock, kama inavyotumiwa na wachimbaji wadogo wa Geita na Migori mpaka leo, na mto huo umo katika orodha ya serikali kuu ya maeneo yaliyochafuka sana tangu 1990. Ila ni faili jingine.

Kuna jambo la kujua pia kuhusu fedha za Washington. Sheria ya mwaka 1977 iliweka tozo kwa kila tani ya makaa ya mawe yanayochimbwa, na fedha hizo hukarabati migodi ya zamani ya makaa. Pennsylvania na West Virginia zinafaidi. Nevada haina makaa ya kuhesabika, ina dhahabu, fedha na shaba, na madini hayo hayana tozo ya namna hiyo kitaifa. Sheria ya madini inayotawala ardhi ya serikali kuu ni ile ya mwaka 1872, na haikumdai mchimbaji afukie chochote. Ndiyo maana majimbo ya magharibi yalilazimika kubuni njia zao. Mwezi Desemba 2024 ilipitishwa sheria ya kitaifa ya kuwakinga watu wanaojitolea kusafisha migodi ambayo si yao, lakini ni ya majaribio na ina vibali 15 tu.

Hatua ya 2: Shika kalenda kabla ya kushika hoja

Bunge la Nevada hukutana mjini Carson City mara moja kila miaka miwili, mwaka usiogawanyika kwa mbili, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Februari. Katiba imelipatia Bunge siku 120, zikiisha kikao kimekwisha. Kikao cha 2025 kilianza Februari 3 kikaisha Juni 2. Kinachofuata kinaanza Februari 1, 2027.

Kwa mtu aliyezoea Bunge la Dodoma au Nairobi, hizi siku 120 ni chache mno, na ndizo zinazoamua kila kitu. Muswada usiotoka kamati yake ya kwanza kufikia katikati ya Aprili kwa kawaida umekufa. Unaopona huvuka kwenda baraza la pili, na huko nako kuna tarehe za mwisho mwezi Mei. Miswada yenye gharama kwa serikali inaweza kupewa msamaha wa tarehe hizo na kuhamia kamati za fedha, kwa hiyo usiutangazie msiba muswada wa tozo kwa sababu tu tarehe imepita. Fungua ukurasa wake uone kama umeandikiwa msamaha.

Ukurasa wenyewe uko kwenye mfumo wa Bunge uitwao NELIS. Andika namba ya muswada, utaona historia yake, ratiba ya vikao, marekebisho yaliyopendekezwa na barua zilizowasilishwa. AB ni muswada ulioanzia Assembly, baraza la chini lenye wajumbe 42. SB umeanzia Seneti yenye 21. Kabla ya Februari miswada mingine huonekana kama BDR, yaani ombi la kuandikiwa muswada, lenye sentensi moja tu ya kueleza mada. Ukiona BDR inayotaja migodi iliyotelekezwa au viuatilifu, iandike pembeni mara moja, kwa maana huo ndio wakati wa kumwandikia mwenye muswada kabla maneno hayajaganda.

Hatua ya 3: Soma ukurasa wa kwanza kama unavyosoma mkataba wa nyumba

Muswada wa Nevada una umbo lake, ukishaujua mmoja umeijua yote. Juu kabisa kuna muhtasari wa mstari mmoja. Chini yake kuna sehemu inayosema kama muswada utaigharimu serikali ya jimbo au serikali za kaunti. Halafu kuna maelezo ya wanasheria wa Bunge kwa lugha nyepesi kidogo, na baada ya hapo ndipo vifungu vyenyewe.

Tazama mambo mawili.

La kwanza, kama juu ya ukurasa pameandikwa kwamba muswada unahitaji kura za theluthi mbili. Maneno hayo yakiwepo, yanatajwa na kifungu kinachohusika. Nitayarudia, kwa sababu ndiyo yanayoua tozo nyingi.

La pili, maandishi. Maneno mapya yanachapwa kwa herufi nene za mlazo. Maneno yanayofutwa yanawekwa ndani ya mabano ya mraba na kukatwa kwa mstari. Kifungu huanza kwa kutaja sheria inayoguswa, kwa mfano NRS 513.094 (NRS ni mkusanyiko wa sheria za Nevada), ambayo ndiyo yenye programu ya mashimo yaliyotelekezwa na tozo yake. Kwa upande wa viuatilifu utaona sura ya 586, inayohusu kusajili bidhaa, au sura ya 555, yenye habari za leseni za wapuliziaji. Anza na maneno ya herufi nene na yaliyokatwa tu. Muswada wa kurasa 20 mara nyingi una mabadiliko ya mistari 15, mengine yote ni sheria iliyokuwepo iliyonakiliwa ili mabadiliko yasomeke. Ukishaelewa hiyo mistari 15, rudi usome fasili za maneno. Humo ndimo wanamoficha mambo, hasa katika viuatilifu.

Hatua ya 4: Kama ni tozo, fanya hesabu tatu

*Hesabu ya mlipaji.* Anayelipa ni mwenye kleimu, yaani aliyesimika nguzo zake kwenye ardhi ya umma na kudai haki ya madini yaliyomo. Kila anapowasilisha karatasi zake kwa msajili wa kaunti, zile za kuanzisha kleimu na zile za kila mwaka za kuonyesha kwamba bado anaishikilia, msajili hukusanya tozo juu ya ada ya kawaida na kuipeleka kwa Division of Minerals. Hiyo haihesabu anachoilipa serikali kuu, ambacho tangu Septemba 2024 ni dola 200 kwa kleimu kwa mwaka.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, jimbo lina kleimu 200,000 na muswada unataka kuongeza dola 1. Hiyo ni dola 200,000 kwa mwaka. Kwa kampuni yenye kleimu 10,000 ni dola 10,000, fedha ya kununulia vipuri vya lori moja. Kwa mzee mwenye kleimu 12 na pikapu ya zamani ni dola 12. Wote wawili watakuja kulalamika, na mara nyingi mzee ndiye atakayezungumza vizuri zaidi. Usimdharau. Kampuni kubwa nazo husimama kuunga mkono mara kadhaa, kwa kuwa shimo la mwaka 1905 likiua mtoto, anayechafuliwa jina ni mchimbaji wa leo.

*Hesabu ya bei ya dhahabu.* Tozo inayofungwa kwenye idadi ya kleimu hupanda na kushuka na soko. Bei ilipoanguka mpaka karibu dola 250 kwa aunsi mwishoni mwa miaka ya 1990, watu waliacha kleimu zao, na mashimo hayakupungua hata moja. Muulize mwenye muswada: bei ikianguka tena, programu italipiwa na nini? Kwa maoni yangu hili ni swali lenye uzito kuliko kiwango chenyewe, na nadra sana kuulizwa.

*Hesabu ya kura.* Tangu wapiga kura wa Nevada walipopitisha marekebisho ya katiba mwaka 1994 na tena 1996, muswada wowote unaoanzisha au kuongeza mapato ya umma, iwe kodi, tozo au ada, unahitaji theluthi mbili ya kila baraza. Hiyo ni kura 28 za Assembly na 14 za Seneti. Muswada wa kawaida unahitaji 22 na 11. Na katika hesabu zote mbili wanahesabiwa wajumbe wote waliochaguliwa, si waliofika siku hiyo. Mjumbe aliye kitandani na homa ana uzito sawa na aliyesema hapana.

Wabunge waliwahi kujaribu kuikwepa. Mwaka 2019 walirefusha tozo ya dola 1 ya idara ya magari na kuzuia punguzo la kodi ya mishahara, wakasema hakuna kilichoongezwa, kura za kawaida zinatosha. Mei 2021 Mahakama ya Juu ya Nevada iliwaambia kwamba kurefusha tozo iliyokuwa iishe ni kuongeza mapato. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema tozo ya migodi "inaendelezwa tu", bado anadaiwa 28 na 14.

Maana yake kwako ni hii. Katika muswada wa tozo, mjumbe mmoja wa chama cha wachache kutoka kaunti ya migodi anaweza kuwa na thamani kuliko wajumbe watano wa Las Vegas ambao kura zao tayari zipo. Barua yako iende kwa huyo.

Jambo jingine la kuangalia: sheria huweka dari, lakini kiasi kinacholipwa dirishani hupangwa kwa kanuni na Commission on Mineral Resources, tume ya watu 7 wanaoteuliwa na gavana. Muswada unaopandisha dari haupandishi malipo siku hiyo hiyo. Wengine hushangilia mapema, wengine huogopa mapema.

Hatua ya 5: Kama ni viuatilifu, upitishe kwenye lango la Washington

Huku hesabu ya kura ni nyepesi, lakini kuna ukuta mwingine. Viuatilifu vinatawaliwa na sheria ya serikali kuu ya mwaka 1947, FIFRA, iliyoandikwa upya kwa kiasi kikubwa mwaka 1972. EPA ndiyo inayosajili dawa na kuidhinisha lebo yake. Jimbo linaruhusiwa kudhibiti uuzaji na matumizi ya dawa hata kwa ukali zaidi. Haliruhusiwi kudai maneno ya ziada kwenye lebo au vifungashio.

Kwa hiyo muswada unaosema "kila chupa inayouzwa Nevada iandikwe onyo kwa Kiswahili" ungekufa mahakamani, japo ningeupenda. Unaosema "dawa hii isipuliziwe mita kadhaa kutoka shule" unapita langoni. Kadhalika unaosema ni nani anaruhusiwa kupulizia, kwa leseni gani, na awajulishe majirani siku ngapi kabla. California imekwenda mbali upande huo: tangu Machi 2025 ina mfumo wa jimbo zima unaowajulisha watu kabla dawa zenye masharti hazijapuliziwa mashambani.

Nevada yenyewe ina mfano mzuri. AB 162 ya mwaka 2023 ilizuia neonikotinoidi, kundi la dawa linalolaumiwa kwa vifo vya nyuki, zisitumike kwenye mimea isipokuwa katika kilimo cha biashara na misamaha mingine michache, kuanzia Januari 1, 2024. Haikugusa lebo, iligusa matumizi. Na ona walivyoicheza siasa: mkulima aliachwa nje, bustani za majumbani zikaingizwa ndani. Wenye mashamba hawakuwa na sababu ya kujaza ukumbi.

Ukisoma muswada wa viuatilifu, jiulize haya kwa mfululizo. Unagusa lebo au matumizi? Nani amesamehewa, na msamaha umekaa kwenye fasili au kwenye kifungu? Unaongeza ada ya kusajili bidhaa? Kama ndiyo, rudi kwenye theluthi mbili. Je, unazuia miji na kaunti kujitungia masharti yao? Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema FIFRA haizizuii, na baada ya hapo majimbo mengi yakapitisha sheria zao za kuzizuia.

Na swali la mwisho, ambalo limekuwa moto siku hizi: je, unamkinga mtengenezaji asishtakiwe? Mwaka 2025 North Dakota na Georgia zilipitisha sheria zinazosema, kwa kifupi, kwamba lebo iliyoidhinishwa na EPA inatosha kuwa onyo. Miswada ya aina hii ina jina la upole linalotaja lebo, na mtu asiyejua anaweza kuunga mkono akidhani inaongeza maonyo.

Wakati huo huo, usingoje muswada ili utumie haki uliyonayo tayari. Kama unafanya kazi shambani, kanuni za kitaifa zinamtaka mwajiri akupe mafunzo ya usalama wa viuatilifu kila mwaka, kwa namna unayoielewa, na mkalimani ikibidi. Anatakiwa kuonyesha mahali pa wazi dawa iliyopuliziwa, wapi, na lini ni salama kuingia. Mwenye umri chini ya miaka 18 asishike bomba wala kuchanganya dawa. Ukipuliziwa au ukaumwa, piga simu ya sumu ya kitaifa, 1-800-222-1222, kisha piga picha lebo palipo na namba ya usajili ya EPA. Picha hiyo ndiyo itakayokuwa ushahidi wako mbele ya mkaguzi na mbele ya kamati.

Hatua ya 6: Toa ushahidi

Ratiba ya kamati hutoka siku chache kabla. Unajiandikisha mtandaoni, unafika ukumbini au unapiga simu. Karibu na mwisho wa kikao ratiba hubadilika ghafla, kwa hiyo tazama asubuhi ya siku yenyewe.

Mwenyekiti huita kwa makundi: wanaounga mkono, wanaopinga, wasio na upande. Hapa kuna mtego. Katika kamati za Nevada, kuunga mkono maana yake unaukubali muswada ulivyo, au pamoja na marekebisho ambayo mwenye muswada ameyakubali. Ukitaka kitu kibadilishwe na yeye hajakubali, unahesabiwa mpinzani, hata kama unaupenda muswada kwa asilimia 90. Dawa yake ni kumwandikia mwenye muswada siku kadhaa kabla, ukamwomba akubali rekebisho lako. Akikubali, unasimama upande wa kuunga mkono ukiwa na amani.

Muda kwa kawaida ni dakika 2. Ukija na mkalimani, dakika hizo zinagawanyika. Njia ninayoiona bora ni kuwasilisha maandishi ya Kiingereza mapema, halafu useme machache. Kama unahitaji mkalimani wa Bunge, waandikie wafanyakazi wa kamati mapema sana, ukiwa na mtu wako wa akiba iwapo watashindwa.

Unaanza kwa kutaja jina lako na kulitamka herufi moja moja kwa ajili ya kumbukumbu. Wenye majina kama yetu tunalazimika zaidi kuliko wengine. Kisha, kwa mfano:

"Mwenyekiti na wajumbe, ninaishi Yerington na nina watoto wanaoendesha baiskeli nyuma ya nyumba. Umbali wa kutembea kutoka kwetu kuna shimo la mgodi wa zamani, waya wake umelala chini. Naunga mkono kifungu cha 1. Ningeomba kamati iulize ni mashimo mangapi ya kaunti yetu yataongezwa uzio kwa fedha hii katika mwaka wa kwanza. Nimewasilisha picha. Asanteni."

Hiyo inatosha. Ina mahali, kifungu, swali ambalo mjumbe anaweza kulidaka na kumrushia ofisa wa serikali aliyekaa mbele, na picha. Picha hiyo ipige ukiwa mbali, kwa sababu ukingo wa shimo la zamani hubomoka, na mbao zilizofunika mdomo wake zimeoza miaka mingi.

Anayejisemea mwenyewe hahesabiwi kuwa mshawishi wa kulipwa na hana haja ya kujisajili. Ukilipwa na kampuni au chama uzungumze kwa niaba yake, mambo yanabadilika.

Usitishike na wanasheria wa vyama vya kilimo na madini waliovaa suti. Wanajuana na wajumbe kwa majina, ndiyo, lakini wamesema mambo yale yale tangu asubuhi. Mtu aliyeshika pampu mgongoni akaeleza dawa ilivyomwingia shingoni hukumbukwa mpaka jioni.

Hatua ya 7: Usiondoke baada ya makofi

Siku ya kusikiliza hakuna kura, kwa kawaida. Kura hupigwa siku nyingine, kwenye kikao cha kazi, ambako wananchi hawahojiwi tena na marekebisho hupita haraka. Soma hati ya kikao hicho kwenye NELIS usiku uliotangulia. Mara nyingi ndipo utakapogundua kwamba dola 4 zimekuwa dola 2, au neno "atafanya" limekuwa "anaweza kufanya". Ukiona hivyo, barua pepe fupi kwa wajumbe wote wa kamati kabla ya saa 2 asubuhi ina nafasi ya kusomwa.

Muswada ukitoka humo unakwenda baraza zima, kisha baraza la pili linaanza upya: kamati, kusikiliza, kura. Yote uliyoyafanya unayafanya tena, na barua ile ile unaweza kuitumia ukibadilisha tarehe. Gavana akiletewa muswada Bunge likiwa linaendelea ana siku 5, Jumapili hazihesabiwi. Bunge likishafungwa ana siku 10. Asiposaini wala kukataa, unakuwa sheria. Kama sheria haitaji tarehe ya kuanza, huanza Oktoba 1.

Hatua ya 8: Fuata kanuni, kisha fuata fedha

Baada ya hapo wengi hurudi nyumbani, na waliobaki ndio wanaoandika masharti yenyewe. Sheria ya viuatilifu ikisema idara "itaweka kanuni", basi umbali, aina za leseni, faini na misamaha vitaamuliwa huko. Idara lazima iitishe warsha ya wazi, kisha mkutano rasmi wa kusikiliza uliotangazwa siku 30 kabla, na mwisho kanuni ipitishwe na tume ya Bunge. Warsha hizo huhudhuriwa na watu wachache ajabu. Ukienda, utapata muda wa kuzungumza kuliko zile dakika 2, na ofisa anayeandika maneno atakuwa amekaa mbele yako na kalamu. Ingia katika orodha ya barua pepe za Idara ya Kilimo na za Division of Minerals ili usipitwe na tangazo.

Kwa mashimo, sheria ile ya NRS 513.094 ina kifungu ambacho wakazi wengi hawakijui. Inaitaka idara iyapange mashimo iliyoyagundua kwa kiwango cha hatari, kuanzia la hatari zaidi, na kila Januari iwaarifu makamishna wa kila kaunti kuhusu yaliyomo kwao. Kwa hiyo Januari au Februari nenda kwenye mkutano wa makamishna wa kaunti yako, jiandikishe kuzungumza wakati wa maoni ya wananchi, na uulize mambo matatu: taarifa ya mwaka huu imefika? Shimo la karibu na kwenu liko nafasi ya ngapi? Mwenye ardhi amepelekewa notisi ya kuweka uzio? Kama halimo kabisa katika orodha, wapelekee Division of Minerals mahali lilipo kwa namba za ramani za simu yako, pamoja na picha uliyoipiga ukiwa mbali, ili wakaguzi wao walitembelee na kulipangia kiwango.